Barua ya wazi kwa wakuu wa hifadhi: pimeni madhara, msipime lenzi

Kwa Mkurugenzi na wajumbe wa Bodi ya Hifadhi

Ndugu Mkurugenzi, waheshimiwa wajumbe,

YAH: HAKI NA WAJIBU WA WAPIGA PICHA NDANI YA HIFADHI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naamini barua zangu zilizotangulia mnazo. Ya kwanza nilijibiwa kwamba imepokelewa na inashughulikiwa. Zilizofuata hazikujibiwa kabisa. Nilipokwenda ofisini nilirudishwa getini, na getini nikaambiwa mambo hayo yanashughulikiwa ofisini. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Jina la hifadhi silitaji kwa makusudi: ninyi mnajijua, na wapiga picha wa hifadhi nyingine watakaosoma watayakuta ya kwao humu.

Hoja yangu ni moja. Kanuni zenu zinapima ukubwa wa kamera, wakati kinachopaswa kupimwa ni madhara wanayoyapata wanyama, ndege na mimea. Matokeo yake, aliyekaa mbali na kutulia ndiye anayesumbuliwa, na anayesogea hadi kwenye kiota anaachwa kwa kuwa ameshika simu.

1. Kibali kinachotolewa kwa kuangalia lenzi

Getini hatuulizwi tunakwenda kupiga nini, wala tutakaa umbali gani. Askari anafungua begi. Akiona lenzi ndefu au stendi anasema "hii ni kamera ya kitaalamu", na kuanzia hapo wewe ni mfanyabiashara na unatakiwa kibali cha kibiashara. Mstaafu anayepiga ndege kwa mapenzi yake tu anawekwa kundi moja na kampuni ya matangazo inayoingia na magari ya vifaa, taa na jenereta. Wakati huohuo anayepiga kwa simu picha za nguo anazouza mtandaoni, na kuzuia njia ya wageni kwa muda mrefu, anapita bila swali.

Lenzi ndefu ina kazi yake, nayo ni kumruhusu mtu akae mbali. Mwenye lenzi ya milimita 500 au 600 anaweza kumpata ndege akiwa mkubwa kwenye picha na ndege mwenyewe akaendelea kula bila kuinua kichwa. Lenzi kuu ya simu ni pana, hivyo anayetaka ndege yuleyule ajaze picha hana namna ila kusogea. Kwa hiyo kanuni yenu inamtoza anayekaa mbali na kumsamehe anayesogea. Sidhani kama aliyeiandika alikusudia hivyo, lakini ndivyo inavyofanya kazi kila siku.

Wapo waliokwishaliona hili. Marekani, sheria inayoitwa EXPLORE iliyosainiwa tarehe 4 Januari 2025 iliacha kuuliza kama picha itauzwa au haitauzwa. Kundi dogo la watu wasiozidi 5, lenye vifaa vya kubeba mkononi, likiwa mahali palipo wazi kwa umma, bila kuharibu rasilimali wala kuwazuia wageni wengine, halihitaji kibali wala ada kwenye hifadhi za taifa. Linaloulizwa ni mtu anafanya nini na anaathiri nini. Sisemi tunakili sheria ya watu neno kwa neno. Nasema kipimo chao ndicho sahihi, na chenu kinaweza kubadilishwa na kikao kimoja cha Bodi.

2. Watu kuamriwa kufuta picha

Askari wenu wamezoea kuamuru picha zifutwe papo hapo, na mara nyingine wanaishika kamera na kuzifuta wenyewe. Mimi ni mmoja wa waliofutiwa. Picha zile hazikuwa za mitambo, wala silaha, wala kituo cha ulinzi. Zilikuwa za mfereji wa maji machafu unaotoka nyuma ya nyumba za wageni na kuingia kwenye kinamasi, povu la kijivu likiwa limenasa kwenye matete. Nilipouliza nimevunja kifungu gani, jibu lilikuwa kwamba hiyo ni amri.

Naomba tuelewane kuhusu sheria. Mwenye eneo, awe mtu binafsi au taasisi, ana haki ya kuweka masharti ya kuingia, na anayeyavunja anaweza kuambiwa atoke. Hilo sina ugomvi nalo. Lakini haki ya kumtoa mtu eneoni haimpi askari haki ya kuingia kwenye memori kadi yake. Kamera ni mali ya mtu, na kuichukua kunahitaji mamlaka yaliyoandikwa kwenye sheria. Zaidi ya hapo, kufuta hakuna mantiki kwa upande wowote. Kama picha ni kosa, basi ni ushahidi, na ushahidi haufutwi. Kama si kosa, basi ni kazi ya mtu, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kuiharibu. Polisi wa London wameliweka wazi kwenye mwongozo wao: ofisa hana mamlaka ya kufuta picha za mtu wakati wa kumpekua. Kama polisi wa jiji kubwa kiasi hicho, lenye hofu ya ugaidi, wanaweza kufanya kazi yao bila kufuta picha za watu, hifadhi ya ndege inaweza pia.

3. Fomu inayochukua hakimiliki

Chini kabisa ya fomu ya kuingilia kuna sentensi ya herufi ndogo isemayo kwamba picha zote zitakazopigwa ndani ya hifadhi ni mali ya hifadhi. Mtu anasainishwa foleni ikiwa nyuma yake, hapewi nakala wala malipo, na picha zenyewe bado hajazipiga.

Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao ni mkataba wa kimataifa wa hakimiliki na leo una nchi wanachama zaidi ya 180, unaihesabu picha miongoni mwa kazi zinazolindwa, na hakimiliki humwangukia aliyeipiga tangu anapoipiga, bila kuhitaji kusajili popote. Kifungu cha 6bis, kilichoongezwa Roma mwaka 1928, kinampa mtunzi wa kazi, ambaye hapa ni mpiga picha, haki ya kutambuliwa kuwa ni yake hata baada ya kuziuza haki nyingine. Mkataba wa hakimiliki wa WIPO (shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu) wa 1996 ukaiondolea picha unyonge uliobaki, muda wake wa ulinzi ukawa sawa na wa kazi nyingine. Tembo si wa mpiga picha, wala mlima si wake. Picha ya tembo ni yake.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu kwenye kipeperushi chenu kuna picha yangu ya mnandi anayekausha mbawa. Jina langu lilikuwa pembeni, chini kulia. Limekatwa, na pamoja nalo imekatwa ncha ya bawa la ndege. Sikuombwa. Mngeniomba ningewapa bila malipo, kama wengi wetu tunavyofanya kwa ajili ya elimu na uhifadhi. Tunachodai ni kuombwa, kutajwa, na picha isikatwekatwe.

4. Viota, chambo na sauti za kudanganya

Hapa ndipo penye uzito wote wa barua hii, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kando ya njia kuu, karibu na daraja la mbao, kulikuwa na kiota cha ndege aitwaye shore ndani ya kichaka, usawa wa kifua cha mtu. Nilipokikuta, matawi ya upande wa njia yalikuwa yamekatwa ili kamera ione ndani. Hayakuvunjwa na upepo wala na mnyama: mikato ilikuwa safi, imelala upande mmoja, kama inavyoachwa na mkasi wa bustani. Jua la saa tano lilikuwa linaingia moja kwa moja. Mama alikuwa amesimama juu ya ukingo wa kiota, mabawa nusu wazi akiwatilia makinda kivuli, mdomo wazi, anahema. Hakuweza kwenda kutafuta chakula, kwa kuwa akiondoka makinda yanaungua. Baba alifika na mdudu mdomoni, akatua tawi la jirani, akaona watu, akaruka tena. Watu wenyewe walikuwa hatua tatu kutoka kwenye kichaka, simu zimeinuliwa, na aliyewaleta ni mwongoza watalii mwenye kitambulisho chenu. Askari wenu wawili walikuwa palepale. Walinijia mimi, niliyekuwa upande wa pili wa njia na stendi, kuniuliza kibali.

Niliwaonyesha matawi. Walisema mambo ya kiota si kazi yao.

Ni kazi ya nani, basi? Uingereza, Sheria ya Wanyamapori na Maeneo ya Vijijini ya mwaka 1981 inafanya kuwa kosa la jinai kumsumbua, kwa makusudi au kwa kutojali, ndege aliye kwenye orodha maalumu ya sheria hiyo anapojenga kiota au anapokuwa karibu na kiota chenye mayai au makinda. Anayetaka kumpiga picha ndege wa orodha hiyo akiwa kiotani, na huenda akamsumbua, hana budi kupata leseni kwanza. Hicho ni kibali chenye maana: kinaombwa kwa sababu ya ndege, wala hakiulizi lenzi ina urefu gani.

Yako mengine ambayo kanuni zenu hazigusi hata kwa neno moja. Kuna wanaopiga sauti ya ndege kwenye spika ndogo wakati wa kuzaliana. Dume anaposikia anadhani mpinzani ameingia kwenye eneo lake, anaacha kulisha, anakuja kupigana na adui ambaye hayupo, na mchezo huo unarudiwa kila kundi linapopita. Kuna wanaowatupia bundi panya hai ili wapate picha ya kucha zilizokunjuliwa. Bundi anajifunza kwamba binadamu maana yake ni chakula, na kwenye maeneo yenye barabara anaanza kuruka chini chini kuelekea watu na magari. Kuna wanaowasha flashi usoni mwa wanyama wa usiku. Na kuna wanaowasukuma madereva wasogee zaidi. Julai 2025 dunia nzima iliona video ya watalii walioshuka kwenye magari ukingoni mwa Mto Mara, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, wakawazibia nyumbu njia ya kuvuka.  Kanuni inayotazama lenzi isingemgusa aliyeshika simu tu.

Kuhusu droni nawaunga mkono kwa moyo wote, na naomba marufuku yake isilegezwe hata kwa wanaolipa. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya dubu weusi waliopandikizwa vifaa vya kupima moyo kule Minnesota. Droni zilipopita juu yao, mara nyingi dubu hawakukimbia wala kuonyesha dalili kubwa, lakini mapigo ya moyo yalipanda kila mara, na kwa mmoja yaliongezeka kwa 123 kwa dakika. Somo hilo linatuhusu hata sisi tusiorusha chochote. Mnyama aliyetulia machoni petu anaweza kuwa katika hofu kubwa, na maneno ya mwongoza watalii kwamba "huyu amezoea watu" si ushahidi wa kitu chochote.

5. Kutangaza mahali bila kufikiri

Ukurasa wenu wa mtandaoni ulichapisha ramani yenye alama ya mti anaolala bundi wa kinamasi. Nia ilikuwa kuvutia wageni, naelewa. Ndani ya muda mfupi nyasi za chini ya mti ule zilikuwa zimekanyagwa hadi udongo, na bundi hayupo.

Hifadhi haipaswi kuwa ya mwisho kujifunza hili. eBird, inayokusanya kumbukumbu za watazama ndege, inaficha mahali walipo ndege wa spishi nyeti. iNaturalist, inayokusanya kumbukumbu za viumbe wa kila aina, nayo inavuruga kwa makusudi alama za mahali za viumbe vilivyo hatarini, ili anayetazama aone eneo pana tu. Kule California, Marekani, bonde la Walker Canyon lilivamiwa na umati mwaka 2019 kwa sababu ya picha za maua ya porini ya rangi ya machungwa zilizosambaa mitandaoni. Maua yalikanyagwa na kulaliwa, na mwaka 2023 mamlaka ziliamua kulifunga bonde lote msimu wa maua. Wapiga picha wenye subira walilipoteza eneo pamoja na waliolivuruga.

Simu nyingi huandika alama za GPS ndani ya faili la picha. Ukituma faili halisi, unatuma na mahali. Kwa faru au mmea adimu hiyo ni hatari ya kweli, na kibao kimoja getini kingetosha kuwakumbusha wageni wazime alama hizo. Kibao hicho hakipo. Kilichopo kinasema: "Kamera za kitaalamu haziruhusiwi bila kibali."

Najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa baadhi nimeshapewa kwa mdomo.

Mtasema ni suala la usalama. Kama kuna jengo au mtambo usiopigwa picha kisheria, wekeni alama, tutaheshimu. Usalama unaohusu kila kitu, pamoja na mfereji wa maji machafu, ni kisingizio cha kuzuia watu wasione.

Mtasema hifadhi inahitaji mapato. Ni kweli, na uhifadhi una gharama. Tozeni kazi kubwa za filamu na matangazo zinazofunga njia na kuhitaji askari wa kusimamia. Tozeni pia kwa huduma: kibanda cha kuvizia kilichojengwa vizuri, kilicho pembeni mwa maji, jua la asubuhi likiwa mgongoni mwa mpiga picha, chenye matundu ya usawa wa macho ya ndege. Watu watalipa kwa furaha, kwa kuwa ndege huzoea kibanda kisichotikisika na picha zinapatikana bila kumkimbiza yeyote.

Mtasema askari ni wachache. Basi wachache hao wasimalizie asubuhi yao kufungua mabegi getini. Wapelekeni kwenye viota.

Na mtasema, kwa haki kabisa, kwamba wapiga picha wenyewe wana makosa. Sibishi. Shindano la Wildlife Photographer of the Year, la Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, limewahi kumnyang'anya ushindi mshindi wake wa 2009, waamuzi walipoona kuna uwezekano mkubwa kwamba mbwa mwitu wa pichani alikuwa wa kufugwa. Mwaka 2018 wakaiondoa picha iliyoshinda kwenye kundi mojawapo mwaka uliotangulia, baada ya kuridhika kwamba mla mchwa aliyeonekana ni wa kukaushwa na kujazwa. Hawakuwafungia wapiga picha wote wa dunia. Waliangalia tendo, wakalichunguza, wakamwadhibu aliyelitenda. Hicho ndicho tunachowaomba nasi.

Tunayoomba, kwa heshima lakini bila kuzunguka, ni haya:

(a) Kibali kitolewe kwa kuangalia ukubwa wa kazi na athari zake: idadi ya watu, vifaa vinavyowekwa chini, kufunga njia, kukaribia viumbe nyeti. Urefu wa lenzi uondolewe kabisa kwenye kanuni.

(b) Itolewe amri ya maandishi kwa askari wote kwamba hakuna anayefuta picha wala kuchukua kamera. Anayetuhumiwa aandikiwe, atajiwe kifungu, na shauri lake liende kwenye mamlaka husika.

(c) Sentensi ya hakimiliki ifutwe kwenye fomu. Picha zilizotumika bila idhini ziondolewe au wenyewe watafutwe na kutajwa.

(d) Yawekwe maadili yanayowabana wote, wenye simu na wenye lenzi ndefu: umbali wa chini kwa viota na wanyama wenye watoto, marufuku ya kukata matawi, chambo hai na sauti za kurekodi. Mwongoza watalii anayewapeleka watu kwenye kiota anyang'anywe kitambulisho. Maadili hayo yahusu na watu pia: wavuvi na wakata matete wa kinamasini si sehemu ya mandhari, waombwe ridhaa kabla ya kupigwa picha, na wakikataa iwe basi.

(e) Ramani za mtandaoni zionyeshe vibanda, madaraja na njia zinazohimili watu wengi. Viota, miti ya kulala na mimea adimu viondolewe.

(f) Mfereji wa nyuma ya nyumba za wageni ukaguliwe na matokeo yatangazwe.

Vikundi vya wapiga picha viko tayari kukaa nanyi kuandika maadili hayo, kuwafundisha waongoza watalii bila malipo, na kuwapa picha za viumbe mnaotaka kuwafuatilia. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, litakalotaja kila kipengele kati ya hivyo sita na hatua itakayochukuliwa. Lisipofika, malalamiko haya yatapelekwa, pamoja na nakala za barua zilizotangulia, kwa mamlaka inayowasimamia na kwa ofisi ya hakimiliki.

Nakala: waongoza watalii na askari wote wa hifadhi.

Nawasilisha.

Mpiga picha wa viumbe pori